Kitabu Ndicho Kipimo cha Kishikwambi
Enyi akina mama walezi, kioo cha kishikwambi hupimwa kwa inchi, pembe hadi pembe. Kabla ya kununua, tazameni kwanza kitabu mtakachokisoma. Riwaya, ambayo maandishi yake hukuzwa yakajipanga upya, yatosha inchi 7. Hushikika kwa mkono mmoja, na mwingine umempakata mtoto. Ama kitabu cha Kiarabu kilichopigwa picha kurasa zake, hicho hakijipangi. Ukurasa wenye upana wa sentimita 17 hupungua hapo hadi kukaribia nusu. Fat-ha na kasra zikafifia, na mtoto akakariri kosa. Irabu moja hugeuza maana. Kwa darasa la nyumbani, inchi 10 ni aula, ijapokuwa ni kizito zaidi mkononi.