Inabeba au Inabebeshwa?

Kaa nusu saa tu kwenye gereji ya mtaani Dar es Salaam siku ya Jumamosi, wapenzi wa magari wakiwa wamezunguka boneti iliyo wazi, na mazungumzo yatafika kwenye kirikuu. Mmoja atasema yake inabeba mifuko ishirini ya saruji. Mwingine atasema ishirini na miwili, na nondo juu yake. Hapo mimi huuliza: kaka, inabeba au inabebeshwa?

Jibu limo kwenye hesabu. Suzuki Carry na Daihatsu Hijet, hizi tunazoziita kirikuu, zimeundwa kwa kufuata sheria ya Japani ya magari madogo: urefu usizidi mita 3.4, upana mita 1.48, injini cc 660, na mzigo usizidi kilo 350. Mfuko wa saruji una kilo 50. Basi ni mifuko saba.

Najua nitakachojibiwa, maana nimekisikia miaka mingi: "Fundi, hiyo 350 ni sheria ya kwao, chuma hiki kina nguvu." Kuna ukweli ndani yake. Fremu haitakatika leo wala mwezi ujao. Lakini gari halibebi kwa fremu peke yake. Inama usome ubavu wa tairi la nyuma. Mengi ni 145R12, na mapya yake huandikwa 80/78. Hiyo 80 ni namba ya kimataifa ya uzito: tairi moja, likiwa na upepo wake kamili, lisibebe zaidi ya kilo 450. Mawili ni kilo 900. Mifuko ishirini ni kilo 1,000, sehemu kubwa yake inakaa juu ya ekseli ya nyuma, na ekseli hiyo tayari ina uzito wa bodi na difu. Umeshavuka kipimo kabla dereva hajapanda. Hapo sijazungumzia tairi la mtumba ambalo mpira wake umekauka. Umri wake umeandikwa palepale ubavuni, tarakimu nne za mwisho: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016.

Wengi dawa yao ni kuongeza majani ya springi. Hili linanisumbua kuliko mengine yote, kwa sababu linafanywa kwa nia njema na fundi mwenye mkono mzuri. Kabla ya kuongeza, gari lililozidiwa lilikuwa linasema: mkia unashuka, pua inainuka, taa za mbele zinamulika juu ya miti. Kila mpita njia aliona. Ukishaongeza majani mawili matatu, gari linasimama wima na mzigo uleule, na kila mtu anafurahi. Uzito haujapungua hata kilo moja. Beringi zinaupata wote, ekseli inaupata wote, breki zinaupata wote. Kilichoondoka ni ile dalili ya kukuonya.

Kwenye pikapu kama Toyota Hilux kuna jambo zaidi. Matoleo mengi yana vali ya breki iliyofungwa kwenye fremu, na fimbo yake imeshikana na ekseli ya nyuma. Mkia ukishuka, fimbo inasukumwa, na vali inaelewa kuwa gari limebeba, hivyo inaruhusu breki za nyuma zikamate kwa nguvu. Gari likiwa tupu inapunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Sasa umeongeza springi, mkia haushuki. Vali inaamini gari ni tupu. Tani moja iko nyuma, nawe unasimama kwa breki za mbele karibu peke yake. Kama ni lazima uongeze springi, mwambie fundi airekebishe na fimbo hiyo. Wengi hawaijui, na wengine huing'oa kabisa.

Nenda sasa barabara ya Lushoto kuja Mombo, njia ya kabichi na nyanya. Unashuka karibu mita 1,000 kwa kona zisizohesabika. Gari na mzigo wake vikiwa kilo 1,000 tu, mteremko huo unatoa nishati ya kuchemsha karibu lita 30 za maji baridi. Upepo na matairi hula kidogo. Iliyobaki lazima ishikwe na injini au na breki. Dereva akitia gia ndogo tangu juu, injini inalibana gari. Akiachia gia kubwa, au akaweka huru ili kuokoa petroli, nishati yote hiyo inaingia kwenye dramu na diski.

Breki zikipata moto, oili yake nayo inapata. Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewa taratibu, miezi na miaka, hata chombo chake kikiwa kimefunikwa vizuri. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabanwa kirahisi: unakanyaga pedali, inazama hadi chini, gari linaendelea kwenda. Siku moja nilifungua nati ya kutolea upepo kwenye gari la mzee mmoja anayesomba mboga. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Oili mpya ina rangi ya asali iliyotiwa maji. Hakuwahi kuibadilisha tangu anunue gari. Alikuwa akiongeza tu. Ibadilishe yote kila baada ya miaka miwili, na anayeshuka milima na mizigo aiwahi zaidi.

Ya injini ni mafupi. Injini ya kirikuu iko chini ya kiti, ina oili isiyofika hata lita nne, na kwenye mzigo inazunguka kwa kasi kubwa. Kibandiko cha kubadilisha oili kila kilomita 5,000 mwachie mwenye gari la kwenda kazini. Wewe wa mizigo, pima kwa kijiti kila asubuhi.

Na ukifika Mombo, usiende moja kwa moja kwenye chai. Zunguka gari, usogeze mgongo wa mkono karibu na kila ringi bila kugusa. Joto la kushoto lilingane na la kulia. Upande mmoja ukiwa wa moto zaidi, kuna breki inayong'ang'ania au beringi inayokufa. Mtafute fundi hapohapo, kabichi zitasubiri.