Mali ya Marehemu na Jina la Fomuni

Kaka yangu alifariki mwaka 2023. Hata hitima haijasomwa, nilipigiwa simu na chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Mombasa. Nilidhani naitwa kwa ajili ya deni, kumbe naitwa kupokea fedha.

Karani alifungua faili akanionyesha karatasi ya mwaka 1989, imepauka rangi. Zama hizo marehemu alikuwa hajaoa, nami ningali mwanafunzi ambaye karo yake ailipa yeye. Pale fomu ilipotaka jina la mtu atakayelipwa mwanachama akifa, aliandika langu. Baadaye alioa, akapata mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, akapanda cheo, akahama nyumba mara tatu. Fomu haikuguswa.

“Mzee, sheria yatutaka tumlipe aliyeandikwa,” alisema yule kijana, wala hakuwa na kosa. Madeni yote yalikuwa yamekwisha kukatwa. Hundi ilikuwa ya shilingi 1,014,000, na jina juu yake lilikuwa langu mimi.

Sitaki kujipamba mbele ya wasomaji. Usiku ule usingizi haukunijia. Nilikuwa na mtoto chuo kikuu anayedaiwa karo, na mwenyewe nilikuwa nadaiwa na watu wawili ambao nikiwaona barabarani hubadilisha njia. Shemeji yangu hakuwa na khabari ya fedha zile. Na kwa kuwa nimepita chuoni nikajifunza faraidhi kidogo, nafsi yangu ilinitafutia hoja ya kisheria: mimi si mrithi, kwa sababu marehemu ameacha mwana wa kiume naye amenizuia, na asiyekuwa mrithi aweza kuusiwa hadi thuluthi, basi hebu na tuseme jina langu katika ile fomu ni wasia, nichukue thuluthi yangu na zilizobaki niwape wenyewe. Hoja ilikuwa tamu. Hapo ndipo nilipoanza kuiogopa.

Asubuhi nilikwenda kwa maalim aliyenisomesha nikiwa mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: “Marehemu alikwambia, au alimwambia mtu yeyote, kwamba amekuusia?” Nikasema la. Akanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Hili ndilo jambo ambalo wengi wetu hatujalielewa sawasawa. Mtu akitaka kumpa mwenziwe mali, sharia imemwekea njia. Akiwa hai aweza kutoa hiba, lakini hiba haitimii mpaka aliyepewa aipokee mkononi mwake. Na fedha za kaka yangu zilikuwa zake mpaka siku ya kufa, akitaka kukopea atakopea. Au aweza kuusia, na wasia mpaka wake ni thuluthi, wala hauendi kwa mrithi ila warithi wenziwe waridhie. Jina la fomuni si hiba wala si wasia. Ni amri kwa chama kwamba fedha zikabidhiwe nani. Anayekabidhiwa ni mjumbe, na mjumbe hali alichotumwa.

Malaysia walilikata shauri hili zamani. Mwaka 1973 Baraza lao la Fatwa liliamua kwamba aliyeandikwa katika akiba ya uzeeni, benki, bima au ushirika ni mwenye kutekeleza tu, na fedha atazigawa kwa faraidhi. Kwetu Kenya, mahakama za serikali zimeamua mara kadhaa kwamba fedha za namna hii haziingii katika mirathi kabisa. Kwa hivyo mwenye kutaka kuzila aweza kuzila, na asipatikane wa kumshika. Ni jambo la kusikitisha ukikumbuka jinsi wazee wetu walivyoipinga Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika mwaka 1981, mpaka ikarekebishwa mwaka 1990 tukaachiwa mirathi yetu, na Kadhi akathibitishwa tena katika Katiba ya 2010. Tulipigania mlango mkubwa, na mali yatoka kwa dirishani.

Babu yangu alipokufa mali yake ilijulikana na mtaa mzima: minazi, nyumba, dhahabu ya bibi, na fungu lake katika jahazi. Mali ya leo haionekani. Ipo katika simu, katika chama, katika malipo ya uzeeni, katika hisa za Nairobi. Tumejitahidi mno kuuliza juu ya kuingia kwake. Benki za kufuata sharia zilipofungua milango mwaka 2008 tulifurahi, takaful ikaja mwaka 2011, na mwaka 2023 sukuk ikaorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi. Nimehudhuria barazani mabishano ya riba yaliyomaliza buli mbili za kahawa. Sijasikia hata mara moja mtu akimwuliza mwenziwe: ile fomu umemwandika nani?

Nilimpelekea shemeji hundi ikisha kuwa fedha. Tulianza kwa kutenga 54,000, nyongeza ya riba ya mwaka wa mwisho, ambayo maalim alitwambia ipewe maskini bila ya kutaraji thawabu. Zikabaki 960,000. Mama yetu, ambaye yu hai, alipata sudusi, 160,000. Shemeji thumuni, 120,000. Zilizobaki, 680,000, zikagawanywa mafungu manne: mwana mawili, 340,000, na kila binti moja, 170,000. Mimi sikupata kitu, na mbele ya Kadhi nilitia sahihi kwamba nimekabidhi.

Mama alitaka kunipa fungu lake kwa ajili ya karo. Nilimwomba asubiri kwanza, zikae mkononi mwake siku chache, nisije nikawa nimezipata kwa mlango wa nyuma. Baadaye alinipa nusu, nikapokea.

Wiki iliyofuata nilikwenda katika chama changu mwenyewe nikaomba kuiona fomu yangu. Nilijaza mwaka 1998. Jina lililoandikwa lilikuwa la marehemu kaka.

Nimeliondoa. Nimeandika la mke wangu, na chini yake maneno kwamba anapokea kwa amana, na fedha zigawanywe kwa faraidhi kwa warithi watakaokuwapo siku hiyo, maana warithi hawajulikani mpaka mtu afe. Karatasi ya pili yenye maneno hayo hayo, na orodha ya kila nilicho nacho na kila ninachodaiwa, imo sandukuni, na mashahidi wawili wameitia sahihi. Karani alilalamika kwamba nafasi ya fomu haitoshi maneno yote yale. Nikamwomba anipe karatasi nyingine tuibane pamoja na ile.