Ung'eng'e wa maadui: tunachoweza kujifunza kwa Iago na Shylock



Hapa Doha wengi wetu tunachuma riziki kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2020, Qatar ilipoondoa sharti la kupata ridhaa ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine, kujieleza vizuri kwenye usaili kumezidi uzito. Vijana wakiniuliza wajifunze kwa nani, nawajibu: kwa maadui wa Shakespeare, siyo kwa stelingi.

Kwa nini? Stelingi ana cheo, akisema anatiiwa. Iago ni mshika bendera tu, Othello ni jemadari wake. Hana silaha ila ulimi. Na sisi mbele ya bosi, hali yetu si ndiyo hiyo?

Mtazameni Iago katika tendo la tatu. Akiulizwa kama Cassio ni mwaminifu, hajibu. Analirudisha neno lile lile kama swali, halafu kimya. Mwishowe Othello mwenyewe ndiye anayembembeleza aseme! Somo lake: sema machache, tua, mwache msikilizaji akufuate. Sisi tumezoea kuzunguka mbuyu kwa heshima. Kwenye Kiingereza cha kazini, utangulizi mrefu humfanya mtu aonekane anaficha jambo.

Shylock tunamjua tangu Mwalimu Nyerere alipotupa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Antonio, aliyemtemea mate na kumwita mbwa, anakuja kutaka mkopo wa dukati 3,000. Shylock hamtukani. Anataja aliyotendewa, moja baada ya jingine, kisha anauliza: hivi mbwa ana pesa? Mshahara wako ukichelewa, fanya vivyo hivyo: taja tarehe, kiasi na makubaliano, kisha uliza swali moja tu, nitalipwa lini?

Msamiati wao msiuige, una miaka 400. Igeni mpangilio.

Ila sumu yao iacheni. Uongo wa Iago ulimwangamiza Desdemona asiye na kosa. Shylock naye aling'ang'ania maneno ya mkataba, akashindwa kwa maneno hayo hayo: mkataba ulitaja nyama, haukutaja damu. Basi, kabla hujamkabili bosi, usome mkataba wako. Na kwa kuwa hapa nakala ya Kiarabu ndiyo yenye nguvu kisheria, mtafute anayekijua akusomee.

Naomba kutoa hoja.