Lipa Parseli, Ndio Ulale

Maze, niliamshwa na sauti ya beseni. Ilikuwa saa kumi na moja asubuhi pale mtaa wa Kikula, stima imepotea tangu jioni, na yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa anafunga mafungu ya sombe, majani ya muhogo, kwa mwanga wa fon ndio afike soko kabla meza zijae. Mimi nilizaliwa hapa Likasi, Kongo, nikakuzwa Kayole, Nairobi. Kila mara nikirudi nilikuwa nampata kwa nyumba ya kupanga. Safari hii nilipata kitu tofauti: ukuta wa tofali nyekundu bila plasta, dirisha moja na kioo, lingine limezibwa na mbao, sakafu ya udongo uliopigwa mpaka ukashika. Lakini hakuna landilodi wa kugonga mlango mwisho wa mwezi. Keja ni yao, yeye na shemeji.

Nikamuuliza, "Yaya, si mngengoja mmalizie ndio muingie?"

Akaweka beseni chini. "Mudogo yangu, kukosa plasta hakuna kuua mutu. Deni njo inakulaka mutu."

Nimebeba hiyo maneno mpaka Nairobi, na nataka kila msee wa rika yangu aisikie, kwa sababu wengi wetu tunapanga maisha kwa kuangalia luku ya nyumba na hatuulizi nyumba ni ya nani.

Hesabu ya banki

Nairobi tunajua hii stori kwa upande wa mkopo wa nyumba. Kenya nzima, nchi ya watu zaidi ya milioni 50, mikopo ya nyumba kwa mabanki ni kama 30,000 tu. Wengine wote tunapanga ama tunajenga pole pole. Lakini ukibahatika kuwa kwa hao wachache, elewa vile hiyo mashine inakula.

Chukua mfano. Umekopa milioni 2, riba asilimia 14 kwa mwaka, miaka 15. Kila mwezi unatoa kama 26,600. Mwezi wa kwanza, zaidi ya 23,300 ni riba. Deni lenyewe limepungua kwa kama 3,300 tu. Ukienda hivyo mpaka mwisho, utakuwa umelipa karibu milioni 4.8 kwa keja ya milioni 2.

Sasa ongeza thao tano kila mwezi, na uhakikishe banki inaiweka kwa deni lenyewe. Unamaliza kwa miaka kama tisa na miezi minane, na unabaki na zaidi ya milioni 1.1 ambayo ingeenda kwa riba. Thao tano ni ile pesa inapotea kwa vibanda, bando na vinywaji vya wikendi bila hata kukumbuka ulikuwa na nani. Uliza tu kwanza kama mkataba wako una faini ya kulipa mapema. Hapo ndio kuishi kwa kujibana kunaanza kuwa na maana: kila shilingi unayotuma mapema inaua riba ya miaka inayokuja.

Hesabu ya parseli

Likasi hesabu ni ingine. Mama wa sombe hana payslipu ya kuonyesha banki, na hakuna banki imemngoja. Watu wananunua parseli, yaani ploti, kwa mtu, wanalipa kidogo kidogo, kisha wanajenga. Yaya na shemeji walipata parseli ya dola 1,500 pembeni ya mji. Walitoa 500 siku ya kwanza, wakakubaliana 50 kila mwezi kwa miezi 20. Riba hakuna. Basi nikamuuliza: kama hakuna riba, mbona mlikimbia mkamaliza kwa miezi 11?

"Juu ya woga," akasema.

Akanielezea. Ukiwa unalipa nusu nusu, muuzaji anaweza kupata mtu mwenye doh mkononi akamuuzia parseli hiyo hiyo. Anaweza kupandisha bei. Anaweza kufa, na watoto wake waseme hawajui wewe ni nani. Miezi yote hiyo wewe umelaza pesa kwa udongo ambao bado hauna jina lako. Nairobi deni refu linakula mfuko. Likasi linakula usingizi. Woga ndio riba ya hapa, na inapanda kila mwezi.

Sheria yenyewe haimhurumii mtu mwenye kulala. Tangu sheria ya ardhi ya 1973, udongo wa Kongo wote ni mali ya Serikali. Kile wewe unapata ni haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama kisheria ukiwa na cheti cha usajili, ile karatasi watu wanaita sertifika. Karatasi ya mauzo yenye sahihi za mashahidi na fishi ya parseli kutoka komini ni ngazi za kupanda, lakini bado hujafika juu. Na huwezi kuanza kupanda vizuri kabla hujamalizana na muuzaji. Ndio maana kulipa mapema huku ni ulinzi.

Hiyo doh ilitoka wapi?

Mimi hupenda kuona namba, kwa hivyo tulikaa na daftari lake. Walikuwa wanapanga vyumba viwili vya dola 40. Wakahamia chumba kimoja cha 20, watu wanne ndani, kwa huo muda tu. Hiyo ni 20 imeongezeka kila mwezi juu ya ile 50. Kisha likelemba: wamama kumi wa soko, kila mmoja dola tano kwa wiki, na kila wiki mmoja anachukua 50 zote. Zamu ya yaya ikifika, pesa haipiti nyumbani. Inaenda moja kwa moja kwa muuzaji, na muuzaji anaandika na kusaini kwa daftari mbele ya shahidi. Ukijumlisha, ni kama dola 91 kwa mwezi. Mara 11, deni kwisha.

Zile tano za likelemba zilitoka wapi? Shemeji, ambaye ni mchomeleaji, aliacha bia zake mbili za Simba za kila jioni. Nyama ikahama kutoka katikati ya wiki ikakaa Jumapili. Bukari, ugali wa huku, ikaliwa na sombe, mboga ya lengalenga na visamaki vya fretini. Badala ya kununua unga meka kwa meka, kile kipimo kidogo cha soko, yaya aliungana na jirani wakawa wananunua gunia moja na kugawana, kwa sababu ukipima kidogo unalipa zaidi, na unga mwingi huku unatoka Zambia. Mpaka ukifungwa, bei inaruka siku hiyo hiyo.

Hata vile anaweka pesa kuna funzo. Franga ya Kongo imewahi kupoteza nguvu sana, kwa hivyo akipata ya kutosha anabadilisha dola. Na dola yenye mpasuko mdogo tu, Kongo watu wanaikataa. Basi noti zake zinalala zimenyooka katikati ya daftari la shule, kila moja na ukurasa wake. Ukimwona akizishika, unaelewa mtu anayeheshimu jasho lake.

Wazee waliona

Hii tabia haikuanguka kutoka juu. Likasi ni mji wa shaba. Kampuni ya migodi, Union Minière, ilianzishwa 1906, na kutoka miaka ya 1920 ilianza kuwaweka wafanyakazi na familia zao kwa kambi: nyumba, posho, shule, hospitali, vyote kutoka mkono mmoja. Baadaye ikawa Gécamines, na watu wakasema kampuni njo baba, njo mama. Nyumba ilikuja na kazi. Nani angefikiria kununua parseli?

Kisha kazi ikaanguka. Miaka ya katikati ya 1980 kampuni ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kuingia miaka ya 2000, haikufika hata 30,000. Mishahara ilichelewa miezi kwa miezi. Kati ya 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na Benki ya Dunia. Wazee wa mitaa ya Shituru na Panda wakitazama kijana mwenye mshahara mnono wa migodi ya leo, akiweka kila kitu kwa gari na njumu, wanaona sinema waliyoiona. Wakisema "jenga mapema", wanajua bei ya kuchelewa.

Mtego

Ngori kubwa ya mtaani inaitwa Bank Lambert. Jina ni la banki, lakini ni mtu tu mwenye cash: unachukua dola 100 leo, mwisho wa mwezi unarudisha 130, wengine mpaka 150. Ukikosa, anabeba televisheni, friji, ama karatasi ya parseli yako. Nairobi dada yake anaishi ndani ya fon, zile programu za mkopo wa dakika mbili. Yaya alijiwekea sheria moja na hakuivunja: karatasi ya parseli haiwekwi rehani kwa mtu yeyote, hata kwa ndugu.

Kuna kitu haukati

Hapa nataka vijana wanisikie vizuri, juu kuna watu wanachanganya kujibana na ubahili. Yaya alikata bia, nyama na nafasi. Hakukata dawa ya watoto. Hakukata ada ya shule. Na kilio hakukataa hata kimoja. Mtu wa mtaa akifiwa, alipeleka mchango wake, hata kama ni meka moja ya unga, na alikaa na wafiwa.

"Hawa batu njo mashahidi yangu," aliniambia. Na ni ukweli. Siku ya kumaliza deni, waliosimama kushuhudia sahihi ya mwisho walikuwa majirani wale wale aliokaa nao kwa vilio. Ubahili ungempa dola chache zaidi na kumwacha bila mtu wa kusema, "Tunajua hii parseli ni yake."

Tofali kwa tofali

Deni likaisha, na ile 91 haikurudi kwa starehe. Ikaingia kwa tofali. Katanga ina vichuguu vikubwa kushinda nyumba, na udongo wake unashika vizuri. Watu wanauchimba, wanafyatua tofali na kuzichoma wakati wa kiangazi, kuanzia Mei. Mwaka wa kwanza walichoma tofali. Mwaka wa pili walipandisha ukuta, shemeji akachomelea milango mwenyewe, na mabati yakafika juu kabla mvua ya Novemba. Wakaingia siku mabati yalipogongelewa. Kila mwezi wa kungoja plasta ungekuwa dola 20 zingine kwa landilodi.

Kwa hivyo mbogi yangu, mkiwa na deni la keja, la banki ama la muuzaji, fanyeni vile yaya alifanya. Andika kila kitu. Punguza nafasi kabla hujapunguza chakula. Pesa ya ziada isikae mkononi mwako hata usiku mmoja, itume kwa deni. Fuata karatasi mpaka ya mwisho. Na deni likiisha, endelea kujitoza ile ile pesa.

Nilikuwa bado Kikula tarehe 30. Miaka yote nilikuwa naona yaya siku hiyo akihesabu mara tatu, uso umekaza. Safari hii alirudi soko mapema, amebeba kitu bapa kimefungwa na gazeti, anatembea pole pole kama mtu amebeba mtoto aliyelala. Shemeji akatoa mbao kwa dirisha. Ilikuwa kioo.

"Renti ya mwezi huu," akasema, na tukaanza kukiweka.