Jeraha Limepona, Kumbukumbu Bado

Nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga, mgonjwa anakula vizuri. Lakini wanaoishi naye wameanza kutazamana: mzee anauliza jambo lile lile mara tatu, na hesabu za duka alizozimudu miaka yote sasa zinampiga chenga. Lawama huangukia nusu kaputi.

Shaka hiyo ni ya zamani, tena si ya vijiweni pekee. Mwaka 1955 daktari P. D. Bedford wa Oxford aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu wazee ambao ndugu zao walisema hawakuwa wale wale tena baada ya kupasuliwa.

Mwaka 1998 jarida hilo hilo lilichapisha utafiti wa wagonjwa 1,218 wa miaka 60 na kuendelea, kutoka nchi kadhaa, waliofanyiwa upasuaji mkubwa usio wa moyo. Walipewa, pamoja na mengine, maneno 15 ya kukariri, kabla ya kisu na baadaye. Wiki moja baada ya upasuaji, asilimia 25.8 walikuwa wameshuka. Baada ya miezi mitatu, asilimia 9.9, dhidi ya 2.8 tu kwa watu ambao hawakupasuliwa. Oksijeni na shinikizo la damu vilifuatiliwa kwa makini, na wala havikuonekana kuwa chanzo. Mwaka 2003 ikaja hoja nyingine: katika miezi mitatu, waliolazwa usingizi kabisa na waliochomwa ganzi ya sehemu ya mwili hawakutofautiana sana.

Basi macho yakahamia kwenye kisu chenyewe. Nyama ikikatwa au mfupa ukivunjika, chembe za kinga humwaga kemikali za kuita msaada, na vurugu hiyo hufika hadi kwenye ubongo. Panya waliovunjwa mguu na kufanyiwa upasuaji walisahau mambo waliyofundishwa. Walipozuiwa kemikali moja tu ya aina hiyo, TNF-alfa, kumbukumbu yao ilinusurika.

Hata hivyo, kemikali hizo hupungua baada ya siku chache. Kwa nini usahaulifu udumu miezi?

Hapo ndipo epijenetiki inapoingia. DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Histoni zikibandikwa kemikali ya asetili, uzi hulegea na jeni husomeka. Asetili ikibanduliwa, uzi hukaza na jeni hunyamaza. Vipo pia vibandiko vya methili, vinavyokaa juu ya DNA yenyewe. Herufi za urithi hazibadiliki hata moja, ila kinachosomwa hubadilika, na ubongo hauwezi kutunza kumbukumbu mpya bila jeni fulani kusomwa.

Kwamba upasuaji hugusa vibandiko hivyo hata kwa binadamu kunaonekana kwenye damu. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walipima methili za wazee waliovunjika nyonga na kupasuliwa kwa dharura. Umri wa kibayolojia unaokadiriwa kwa alama hizo uliruka juu ndani ya saa 24, kisha ukarudi ulipokuwa katika siku nne hadi saba. Waliopasuliwa nyonga kwa kupangiwa tarehe hawakuonyesha mruko huo. Damu si ubongo, bila shaka, na umri wa seli si kumbukumbu. Anayeunganisha mambo haya moja kwa moja anakimbia mbele ya ushahidi.

Kwenye ubongo wenyewe, mashahidi wakuu bado ni panya. Mwaka 2015 watafiti waliwapa panya wazee dawa ya SAHA, inayozuia asetili isibanduliwe, na usahaulifu wao baada ya upasuaji ukapungua. Dawa hiyo imo hospitalini tayari kwa jina la vorinostat, kwa ajili ya saratani fulani inayoshambulia ngozi. Kumpa mzee aliyetoka chumba cha upasuaji ni suala jingine: hulegeza jeni mwili mzima bila kuchagua, na miongoni mwa madhara yake ni kushusha chembe sahani, zile zile zinazogandisha damu kwenye kidonda kibichi.