Usitupe Hizo Sosi za Chips! Cheki Kazi Zinaweza Kukufanyia Kwa Keja

Fungua ile droo ya jikoni, ama ule mfuko unaning'inia nyuma ya mlango kama keja yako haina droo. Tunajua chenye kiko ndani: vipakiti vya tomato sosi za chips za juzi, soya ulinunua upike nayo mara moja tu, siki imebaki robo, na mayo ya vijiko viwili. Siku ya kufagia zote zinaenda kwa taka. Msee, hiyo ni doo unatupa.

Na si wewe pekee. UNEP, wale wako hapa Gigiri, walitoa ripoti 2024 ikasema dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05 mwaka wa 2022, na asilimia 60 ya hiyo ilitoka kwa nyumba za watu. Si mahoteli, si supamaketi. Ni mimi na wewe.

Sasa, tomato sosi. Ndani yake kuna siki, chumvi na asidi ya nyanya, na hiyo mchanganyiko ndiyo hula ile kutu nyeusi ya shaba. Kama uko na bangili za shaba za Maasai Market zimefifia, ama kufuli yako imekuwa na rangi ya matope, paka sosi, wacha dakika 10 hivi, sugua na kitambaa, suuza, kausha. Inang'aa mpaka unashtuka. Usijaribu na vitu zimepakwa dhahabu juu juu tu, hiyo rangi ni nyembamba na inaweza kuisha yote.

Sufuria pia. Unajua vile sufuria ya alumini huwa nyeusi ndani ukichemsha maji ama mayai kila siku? Hiyo si uchafu wa kusugua na waya mpaka vidole viume. Jaza maji, weka vipakiti vitano sita vya sosi ama vijiko kadhaa vya siki, chemsha dakika 15, mwaga. Asidi inafanya kazi, wewe unacheki simu. Ila usiiache ilale na hayo maji usiku mzima, asidi ikikaa sana inatoboa alumini vishimo vidogo.

Siki ndiyo mkubwa wa hii familia yote. Kama ploti yenu inatumia maji ya kisima cha kuchimba, jagi yako ya umeme lazima iko na ile ganda nyeupe chini. Hiyo ni chokaa. Inakula stima bure kwa sababu maji inachelewa kuchemka. Weka siki nusu na maji nusu, chemsha, zima, wacha nusu saa. Utaona povu, hiyo ni chokaa inayeyuka na kutoa hewa. Mwaga, suuza, halafu chemsha maji safi mara moja uyatupe, otherwise chai ya asubuhi itakuwa na ladha ya kachumbari.

Hapa tuongee serious kidogo. USICHANGANYE SIKI NA JIK. Kuna watu hufikiria vitu viwili vya kusafisha vikiungana choo itang'aa mara mbili. Hapana. Inatoka gesi ya klorini, ile ile jeshi la Ujerumani lilifungulia watu kwa mahandaki ya Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Sasa fikiria hiyo kwa bafu ya bedsitter haina dirisha. Ukishawahi kuchanganya na uanze kukohoa na macho kuchoma, toka nje kwanza, acha mlango wazi, mambo ya choo baadaye.

Na ukichomeka na mafuta, tomato si dawa, mastadi si dawa, colgate pia si dawa. Ni maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20.

Mayo ni mafuta na yai, basi. Kwa hivyo ile gundi ya stika hukataa kutoka kwa chupa ya jam, ipake mayo, ngoja nusu saa, sugua, osha na sabuni. Sasa uko na chupa ya kuweka masala. Hapa hata mayo imeexpire inatumika. Ile bado ni poa, paka nje ya mkate badala ya siagi, choma kwa frying pan na moto mdogo. Inakuwa ya kahawia pande zote kama ya mkahawa wa Westie, na hukununua toaster. Kuna wale hupaka nywele pia. Sawa, lakini harufu utapambana nayo wewe.

Za kula ndio rahisi. Tomato, soya, pilipili sosi na kitunguu saumu kilichopondwa, changanya zote: hiyo ni sosi ya kuchomea kuku ama smokie. Ipake dakika za mwisho, kwa sababu ina sukari na ukiipaka mapema itaungua kabla nyama iive. Wali uliolala, kaanga na yai na soya, halafu onja kabla hujagusa chumvi, soya ina chumvi ya kutosha. Chupa ya mastadi ama achari ikiisha, mimina mafuta na limau ndani, funika, tikisa, mwagia kachumbari. Ya peanut butter, mwagia uji wa vuguvugu na utikise.

Kama huna friji, mayo iliyofunguliwa na kukaa kwa joto siku kadhaa, hiyo ni ya stika pekee, usilambe.

Vipakiti vyenyewe ndio stori mbaya. Marufuku ya 28 Agosti 2017 ilishika mifuko ya kubebea, si hizi. Ni plastiki imebandikwa na foili, kuzitenganisha ni ngumu, so zinaishia tu Dandora kwa lile dampo liko pale tangu 1975. Ukiorder chips za kukula nyumbani na uko na chupa ya tomato, mwambie tu yule msee wa kaunta, "Boss, sosi wacha."