Majiko ya Shule: Akiba Ipo, Taslimu Haionekani

BUIGIRI, Chamwino – Agizo la Serikali la kuzizuia taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kupikia kuni na mkaa limefungua soko jipya la majiko. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kwa mji mdogo kama Buigiri, wenye shule ya wasioona tangu 1950, swali ni nani atagharimia jiko.

Chukua mfano wa shule yoyote. Jiko jipya ni shilingi milioni 12. Gesi ikishalipwa, shule inaokoa milioni 3 kwa mwaka ikilinganishwa na kuni. Bila riba, mtaji unarudi kwa miaka 4. Kwa mkopo wa riba ya asilimia 15, deni linaisha mwaka wa saba.

Hapo ndipo penye mtego. Hatifungani ya Kijani ya CRDB, iliyokusanya shilingi bilioni 171.8 mwaka 2023 wakati lengo lilikuwa bilioni 40, ni ya miaka 5 kwa riba ya asilimia 10.25. Fedha ya miaka 5 haikopeshwi kirahisi kwa jiko la miaka 7. Tanga-UWASA walikwenda miaka 10 kwa asilimia 13.5 mwaka 2024, lakini wao wana ankara za maji kila mwezi. Shule haina wa kumpelekea ankara.

Tena kuni nyingi za shule hazinunuliwi: wazazi huchangia, wanafunzi huokota. Kuni isiyolipiwa haiachi akiba ya kulipia deni, ilhali gesi hudai taslimu tangu mtungi wa kwanza. Kwa shule ya namna hiyo jiko jipya ni gharama tupu, hata kama misitu inapona, na ruzuku ndiyo njia, si mkopo.

Majumbani kazi ni dari chini ya bati na taa zisizokula umeme. (Tembe la Wagogo, kwa paa lake la udongo, halikuhitaji dari.) Humo benki hazimo, fundi hulipwa kwa fedha za vikoba, kidogo kidogo.

Muuzaji anayepata oda ya shule aulize kwanza kifungu cha bajeti kitakachomlipa, na kama gesi ya muhula wa pili imetengewa fedha.